Daktari Koch na Vipofu wa Ssese

Nimeishika kalamu nimzungumzie mtu ambaye sote tunamjua kwa jina tu, yaani Robert Koch, yule Mjerumani wa somo la Baiolojia. Muulize mwanafunzi yeyote hapa shuleni, atakwambia kwamba ndiye aliyegundua kijidudu cha kifua kikuu, akatangaza habari hizo mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882, na mwaka wa 1905 akapewa Tuzo ya Nobel. Alama mbili, unaketi. Tunakomea hapo, nami nasema si haki.

Sikatai kazi yake. Ama kwa kweli ilikuwa kubwa. Kabla yake wengi, hata madaktari wa Ulaya, walidhani kifua kikuu ni cha kurithi, ati kinafuata ukoo. Koch alikitia kijidudu rangi, akakiweka chini ya hadubini, kikaonekana. Sisi wa Riruta tuna sababu ya kumshukuru kuliko wengi, maanake huku kwetu na Kawangware utapata watu sita katika chumba kimoja cha mabati, dirisha limezibwa na gunia kwa sababu ya baridi. Mmoja akianza kukohoa, ngoja tu.

Lakini je, mwajua kwamba Koch aliwahi kuja Afrika Mashariki? Tena si mara moja. Mwaka wa 1906, akiwa na umri wa miaka 62, alikuja kuchunguza malale, ugonjwa uletwao na mbung'o, ambao ulikuwa ukifyeka watu kandokando ya Ziwa Viktoria. Alianzia Mwanza, iliyokuwa mikononi mwa Wajerumani, akaona wagonjwa ni wachache. Basi kwa ruhusa ya Waingereza akavuka hadi visiwa vya Ssese, Uganda, akapiga kambi. Wagonjwa walimjia kwa mamia.

Dawa aliyowadunga iliitwa Atoxyl. Ndani yake mna arseniki, na arseniki ni sumu. Mwanzoni walipata nafuu, hata waliokuwa hoi wakainuka. Baadaye ugonjwa ukarudi. Koch akaongeza kipimo maradufu, kutoka nusu gramu hadi gramu nzima, na wagonjwa 22 wakapofuka, wasione tena. Ndipo akakiacha kipimo hicho. Mwaka wa 1907 alirejea Ujerumani. Alishauri pia wagonjwa wakusanywe katika kambi, watengwe na watu wao, na Wajerumani wakazijenga kambi hizo upande wao wa ziwa.

Mwenzangu mmoja wa Kidato cha Tatu aliniuliza, "Kwani si wangekufa tu?" Hoja hiyo ina uzito, siikwepi. Malale yasipotibiwa huua. Lakini mtu anayekufa bado ana masikio. Nani aliwaketisha wale watu akawaeleza kwa lugha yao kwamba sindano ya leo si sawa na ya jana, kwamba bado inajaribiwa? Jina la Koch limo vitabuni, wale 22 ni hesabu tu, na katika vitabu vyetu vya shule hata hesabu yenyewe sijaiona.

Msidhani haya ni ya kale. Jirani yetu mmoja alikohoa kwa miezi akijificha. Alipoenda zahanati fulani akadungwa sindano, na alipouliza ni ya nini akajibiwa, "Kwani wewe ni daktari?" Hakurudi tena. Mama yangu ndiye aliyembembeleza hadi akaenda kwingine, akaelezwa kwa Kiswahili chepesi kwamba dawa za kifua kikuu ni za bure katika hospitali za serikali, na ni za miezi sita bila kuruka hata siku moja. Alizimaliza. Sasa anauza viazi karangà pale stejini na sauti yake mwaijua!

Kwa hivyo nina ombi kwa walimu wetu. Tarehe 24 Machi ni Siku ya Kifua Kikuu Duniani. Mwaka ujao, ikifika, chama chetu kipewe dakika kumi kwenye paredi. Mmoja wetu aeleze juu ya kijidudu na hadubini, mwingine aeleze yaliyowapata watu wa Ssese, na muuguzi aalikwe ajibu maswali kwa Kiswahili, hata yale ya kijinga. La kwanza nimeshaliandika.