Shinikizo la damu kwa wanawake: waume tu wapi?

Apitaye Tukuyu asubuhi ya soko huwaona kina mama wa Rungwe wakipanda vilima na mikungu ya ndizi kichwani, ilhali wenzao wamekwisha kuingia katika mashamba ya chai. Mtazamaji hudhani kwamba mwili ufanyao kazi namna ile hauwezi kupatwa na shinikizo la damu. Dhana hiyo si sahihi, nayo ndiyo iliyotufanya tushike kalamu.

Maradhi haya hayabishi hodi. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba watu wapatao bilioni 1.28 wenye umri wa miaka 30 hadi 79 wanayo, na karibu nusu yao hawajui. Basi mama asemaye "mimi mzima, kichwa hakiniumi" hajatoa ushahidi. Ushahidi ni kipimo: kikifikia 140 kwa 90, na siku nyingine kikarudia vile vile, huyo ni mgonjwa. Wapo wadaio kuwa presha ni "mawazo" tu. Hatukatai kwamba ugomvi wa nyumbani unaumiza (na sisi waume twajua sehemu yetu), lakini umri, nasaba, unene na chumvi hufanya kazi yao hata penye utulivu. Ndizi na maparachichi ya Rungwe ni chakula chema. Tazama tu unachotia chunguni. Chumvi ya mtu mzima kwa siku isifike gramu 5, pungufu ya kijiko cha chai.

Kwa mjamzito jambo ni zito zaidi. Baada ya wiki 20 shinikizo laweza kupanda, kichwa kikauma sana na macho yakaona ukungu. Likiachwa, huleta kifafa cha mimba. Mama akianguka na kutetemeka, jamaa husema ni jini, hutafutwa msomaji, na saa zinapita. Sisi tuliokulia vyuoni twasema wazi: asomewe akiwa njiani kwenda hospitali. Huko ipo sindano ya magnesiamu salfeti, ambayo utafiti mkubwa wa mwaka 2002 ulionesha kuwa hupunguza hatari ya kifafa hicho kwa zaidi ya nusu.

Watakuwapo watakaotujibu kwamba vitabu vya kale vya fikihi havikuhesabu ujira wa tabibu katika matumizi yampasayo mume. Ni kweli. Lakini wanazuoni wengi wa zama zetu wameuingiza, kwa kuwa matibabu leo ni haja kama chakula. Vidonge vya presha hunywewa kila siku, hata mgonjwa ajionapo mzima. Mama asiyeshika fedha ya ndizi alizozibeba mwenyewe atavinunuaje mwezi wa pili?

Basi mume atoe nauli ya kufika Makandana, tena amsindikize. Na mama akifika aketi kimya dakika tano kabla ya kupimwa, kwani aliyetoka kupanda kilima kwa miguu hatoi kipimo cha haki.