Mpango si Mkakati

Lipo neno lililozivamia hotuba, taarifa za habari na sasa insha za wanafunzi wetu. Neno lenyewe ni 'mikakati'. Waziri huweka mikakati, kamati ya mazishi huweka mikakati, na mwanafunzi aamkaye alfajiri kudurusu naye hudai kwamba ameweka 'mikakati kabambe'. Nionavyo mimi, tumelitwika neno hili mzigo usio wake.

Kiswahili hakina uhaba wa msamiati wa kutazamia ya kesho. Kitenzi 'panga' ni kuweka vitu kwa taratibu: vitabu rafuni, viti ukumbini, wanafunzi mstarini. Kutokana nacho tunapata 'mpango', yaani kuziweka hatua za jambo kwa utaratibu kabla ya kulitenda. Kinyume chake ni 'pangua', na msomaji wa magazeti anaifahamu vyema 'panga pangua' ya baraza la mawaziri. 'Ratiba' huonyesha siku na saa. 'Azimio' ni nia iliyokata shauri; ndiyo maana Tanzania ilitoa Azimio la Arusha mwaka 1967, na mwalimu wa Kenya huandika maazimio ya kazi ya muhula mzima. 'Mkakati' nao ni mbinu iliyobuniwa ili kumshinda mpinzani au kuondoa tatizo. Pasipo na kikwazo, mkakati ni wa nini?

Huenda mtu akanijibu kwamba lugha hukua na maana za maneno hupanuka. Nakubali. Hata hivyo, kupanuka ni jambo moja na kupwaya ni jingine. Anayetangaza kwamba 'mikakati imewekwa' ni nadra kuulizwa hatua ni zipi, zitaanza lini na nani atazitekeleza. Uzito wa neno humsetiri. Anayesema 'tuna mpango' hutakiwa auonyeshe.

Walimu wenzangu, mwanafunzi akiandika 'mikakati kabambe', tusimtuze alama kwa sababu ya mvumo wa neno. Tumwulize: kikwazo ni kipi? Akikosa jibu, na aandike 'mpango', kisha azitaje hatua zake moja baada ya nyingine. Kwa kufanya hivyo atakuwa amejifunza lugha, na amejifunza kufikiri pia.

Wahenga walinena kwamba mipango si matumizi. Je, asiyejua hata mpango wenyewe ni upi, atatekeleza nini?