Kupanda Mchongoma, Kushuka Ndiyo Ngoma



Juma hili tuzungumze juu ya tela. Katika vijiji vyetu, toka Mabawe mpaka Rulenge, si ajabu siku hizi kusikia kwamba watu wa ukoo mmoja wanachanga fedha za kahawa na maharage ili wanunue pikapu iliyokwisha tumika. Jambo hili ni jema. Gari huokoa migongo ya akina mama, humfikisha mgonjwa hospitali, tena hupeleka ndizi sokoni kabla hazijaiva. Lakini gari likishanunuliwa, mara huja wazo la pili: “Tufunge na tela nyuma, tupate kubeba mara mbili.” Hapo ndipo nawaomba mnisikilize kidogo kabla hamjamlipa fundi.

Watu wengi wanapotafuta gari la kuvuta tela huuliza swali moja tu: “Je, injini ina nguvu?” Swali hilo si baya, lakini ni nusu ya swali. Nusu ya pili, tena iliyo kubwa kwetu sisi watu wa milima, ni hii: “Je, gari hili laweza kuzuia kile linachokivuta?” Wazee walisema, kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Gari likishindwa kupanda, husimama, nawe hupata hasara ya muda tu. Likishindwa kujizuia katika kushuka, hasara yake hailipiki.

Basi tufanye hesabu pamoja. Chukueni karatasi na kalamu, au mwiteni mtoto wa darasa la sita awasaidie.

Kila gari lina uzito wake likiwa tupu, na lina uzito wa mwisho ambao mtengenezaji ameuruhusu. Namba hizi huandikwa katika kitabu cha gari, na mara nyingi katika kibati kilichopigiliwa kwenye mlango au karibu na injini. Tuseme pikapu yetu ni kilo 1,800 ikiwa tupu na tangi limejaa mafuta, na mwisho wake ni kilo 2,800. Nafasi iliyobaki ni kilo 1,000. Dereva na wenzake wawili ni kilo 210. Magunia 6 ya mahindi ya kilo 100 ni kilo 600. Tumekwisha tumia 810, tumebakiwa na 190.

Sasa tela. Tela yenyewe, chuma na mbao, tuseme ni kilo 400. Tukiweka magunia 8 inakuwa kilo 1,200. Je, kilo hizi zote hukaa juu ya magurudumu ya tela? La. Tela ya ekseli moja, ikipakiwa vema, hulaza sehemu ya uzito wake juu ya ndoano ya gari. Kipimo kizuri ni kilo 10 mpaka 15 katika kila kilo 100. Kwa tela yetu ni kilo 120 mpaka 180. Nazo huhesabiwa katika mzigo wa pikapu! Tulikuwa na nafasi ya 190, imekwisha. Ukiongeza abiria watatu nyuma ya pikapu, umepita kipimo.

Lakini hiyo siyo hesabu kubwa. Kubwa ni breki. Toyota Hilux za miaka hii zenye injini ya dizeli, katika nchi kadhaa, mtengenezaji huziruhusu kuvuta tela ya mpaka kilo 3,500. Watu hupenda kuitaja namba hiyo, wakaiacha ya pili iliyoandikwa karibu yake: tela isiyo na breki zake yenyewe, mwisho ni kilo 750. Katika nchi za Ulaya ndiyo sheria pia, kwamba tela ipitayo kilo 750 lazima iwe na breki zake. Sasa rudini kwenye hesabu yetu. Tela tupu ni 400. Toa 400 katika 750, zabaki 350. Maana yake ni magunia 3 na nusu. Tela nyingi zinazochomelewa na mafundi wetu kwa ekseli ya gari kuukuu hazina breki hata moja. Basi mwenye tela ya namba hiyo anayepakia magunia 8 hana haja ya kuuliza kama injini ina nguvu.

Kwa nini breki ni jambo kubwa hivi? Kitu kizito kikishuka mlimani bila kuongeza mwendo, nguvu ya kushuka kwake lazima iende mahali fulani. Nayo hugeuka joto ndani ya breki. Pikapu yetu na tela yake na mizigo yote ni kilo 3,810. Ikishuka mita 100 tu kwa kimo, joto lake latosha kuchemsha karibu lita 11 za maji baridi. Nanyi mwaijua milima ya Ngara. Toka mgongoni mwake mpaka bonde la Ruvubu si mita 100. Breki zikipata moto mno hukataa kushika, na mafuta ya breki yakichemka, dereva hukanyaga asione kitu.

Kwa hiyo dereva mwenye akili huingia gia ndogo juu kabisa, kabla ya mteremko kuanza, ili injini izuie. Gia ambayo ungeitumia kuupanda mlima huo, ndiyo ya kuushukia. Asizime injini wala kuweka huru kwa kuokoa mafuta. Baada ya mvua, udongo wetu mwekundu unapoteleza, mwendo na mzigo vipunguzwe tena.

Jambo la pili ni namna ya kupakia. Vizito viwekwe juu ya ekseli na mbele yake kidogo, chini kabisa, na kufungwa kwa kamba. Ukiweka vizito nyuma, tela huinua mkia wa gari, tena huanza kuyumba kushoto na kulia mpaka inalitupa gari. Kama mnao mzani wa kupimia magunia, egesheni tela mahali tambarare, ifungueni, kisha lazeni mkono wake juu ya mzani katika kimo kile kile cha ndoano. Mtaona kilo zake bila kubahatisha.

Tena msidanganywe na macho. Gunia la lumbesa limepita kilo 100. Maji lita 1,000 ni tani 1, nayo hayatulii ndani ya tangi. Sanduku la tela lenye urefu wa mita 2, upana wa mita 1 na robo, na kimo cha sentimita 40, likijaa mchanga mbichi wa kujengea kigango hupita tani 1 na nusu, hata kama kwa macho laonekana nusu tupu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Na gari ni mwenzio asiyeweza kulalamika.

Malori makubwa yapitayo Nyakahura kwenda Rusumo na Kabanga hupimwa kwenye mizani za barabarani. Pikapu ya kijijini haipimwi huko. Kwa hiyo mpimaji ni mwenye gari mwenyewe, na dhamiri yake.

Kabla ya safari tazameni haya: ndoano imefungwa kwenye chesisi, siyo kwenye bamba la nyuma; mnyororo wa pili upo, ili tela isikimbie yenyewe ndoano ikikatika; taa za nyuma zinawaka; tairi zina upepo; na beringi hazina moto mkisimama njiani. Mkisimama mlimani wekeni kabari. Kama mmetumia jiwe, liondoeni mkiondoka, maana mwenye pikipiki ajaye usiku hatalijua.

Na watu wasipande kwenye tela. Najua ni vigumu kusema hivi siku ya mazishi au ya hija, wakati wazee wamechoka na njia ni ndefu. Lakini tela ni ya magunia. Heri gari liende mara tatu na kurudi, kuliko kwenda mara moja na kutorudi.

Amri ya tano yasema, Usiue. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, katika namba 2290, yafundisha kwamba wanaohatarisha maisha ya wengine barabarani kwa ulevi au kwa kupenda mwendo wa kasi mno wana hatia kubwa. Mimi naona anayejua kwamba tela yake haina breki, akaijaza, yu jirani yao.

Basi mkitaka kununua, anzeni na mzigo mnaoubeba kila juma. Kisha tela inayoufaa, yenye breki. Mwisho gari linaloweza kuvizuia vyote viwili. Fedha zikipungua, nunueni tela ndogo. Mkiisha fanya hivyo, mleteni padre alibariki gari na tela yake, na Mtakatifu Kristofa awaombee njiani.