Deni Haliko Kwenye Laptopu, Liko Shingoni



Naandika kutoka Kibondo, huku juu Kigoma, mbali kabisa na bahari. Baadhi yenu tunafahamiana kwa WhatsApp tu, kwa ajili ya magauni ya nikahi. Duka langu la pili liko Kasulu, analisimamia mdogo wangu. Leo sizungumzii mshono. Nazungumzia hesabu, hasa hesabu za pesa za watu.

Mwaka juzi laptopu yangu iliungua. Umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, ikatoa harufu ya plastiki na ndiyo ikawa mwisho wake. Mkoa wetu ulipounganishwa na Gridi ya Taifa mwaka 2022 tulifurahi sana, na mimi nikajisahau, nikaacha hata kuchomoa vitu usiku. Fundi aliifungua, akaniambia na diski nayo imeondoka.

Humo ndani mlikuwa na kila kitu: nani ametanguliza arabuni, nani amemaliza, nani nimemkopesha kitambaa, mchezo wetu wa akina mama umefika kwa nani. Nilikuwa natumia GnuCash, programu ya bure ya hesabu ambayo kijana mmoja wa stesheni aliniwekea. Na kinachoniuma zaidi, bakapu nilikuwa nazo. Programu ile kila ukihifadhi kazi hutengeneza faili jingine lenye tarehe na saa kwenye jina lake. Nilikuwa nayaona yamepangana, mengi, nikawa nalala usingizi wangu. Sikuwahi kujiuliza yanakaa wapi. Yalikuwa folda ileile, laptopu ileile. Tena kwa mpangilio wake wa kawaida huyafuta ya zamani baada ya siku 30. Ni sawa na kuweka ufunguo wa akiba ndani ya kabati lilelile unalolifunga.

Wiki chache baadaye alifariki mteja wangu mmoja wa Kasulu, mama mtu mzima, Allah amrehemu. Alikuwa akimwandalia binti yake nguo za harusi na alinipa pesa kidogo kidogo, nyingine kwa simu, nyingine mkononi akija gulioni. Za simu nilizipata kwenye meseji. Za mkononi sikuwa na pa kuziona. Watoto wake walikuja, kwa heshima kabisa, kuuliza kama mama yao aliacha salio kwangu. Nilikaa nao kwenye mkeka nikashindwa kuwajibu. Ile pesa ilikuwa si ya mteja tena, ilikuwa mali ya warithi, na mmoja wao ni mtoto ambaye hajabaleghe. Wallahi sijawahi kuona aibu kama ile.

Ndiyo maana nasema, na najua wapo watakaoona nimezidisha: mwanamke anayeshika pesa za watu kisha hesabu zake ziko mahali pamoja tu, hajaiandika amana. Ameianza tu. Sote tunaijua aya ya 282 ya Surat al-Baqara, ndefu kuliko zote katika Qur'ani, na inahusu kuandika deni. Inatutaka tusichoke kuliandika, dogo au kubwa, pamoja na muda wake. Inaweka mashahidi, na inataja wazi kwamba mmoja akisahau mwenzake amkumbushe. Mimi si mwanachuoni, na hukumu nawaachia wenyewe. Lakini nikiisoma naona maandishi yametakiwa yadumu mpaka siku ya kulipana, na maandishi yaliyoungua Jumanne hayamsaidii mtu Ijumaa.

Kuna dada aliniambia daftari linatosha. Daftari ni zuri, na mimi bado ninalo pale mezani, kwa sababu wateja wangu wengi wanapenda kuona mkono ukiandika. Ila daftari nalo lina mvua, lina panya, lina mtoto mwenye kalamu. Sisi wa mkoa huu tumeishi jirani na kambi za Nduta na Nyarugusu, tumefahamiana na watu waliokimbia usiku na watoto mgongoni, hawakuwahi kubeba cheti hata kimoja. Karatasi iliyoko mahali pamoja tumeona inavyopotea.

Mwingine aliniuliza kuhusu sitara: kwa nini niweke madeni ya watu kwenye intaneti? Hili ni swali la maana kuliko lile la daftari. Jibu langu ni kwamba siandiki majina kamili. Kila mteja ana namba, na orodha ya majina iko kwenye daftari. Akaunti ina neno la siri ambalo si tarehe ya kuzaliwa kwa mwanangu, na akiingia mtu kwenye kifaa kipya lazima simu yangu ithibitishe.

Sasa ninavyofanya. Nimebadilisha mpangilio wa GnuCash, yale mafaili ya akiba yasifutwe. Folda nzima nimeiunganisha na Google Drive, kwa hiyo laptopu ikipata mtandao tu inapeleka nakala yenyewe. Neno kubwa hapo ni "yenyewe". Nilijaribu kwanza kufanya kwa mkono kila Alhamisi jioni. Alhamisi ya kwanza nilifanya. Ya pili kulikuwa na bi harusi wa haraka, ya tatu sikumbuki. Anayekuambia atakumbuka kila wiki hajawahi kuwa na cherehani tatu na msimu wa harusi baada ya Ramadhani. Na msiogope bando: faili la hesabu zangu za mwaka mzima ni dogo kuliko picha moja ya gauni.

Ila Drive nayo ina tabia yake. Ukifuta faili kwenye laptopu, inafuta na kule juu, na kwenye pipa lake la taka linakaa siku 30 tu. Kwa hiyo mara moja kwa mwezi nikienda Kasulu nabeba nakala kwenye flashi, inabaki kwa mdogo wangu. Kabla ya kuiacha naifungua kwenye kompyuta yake nione namba zimo kweli. Siku moja nilikuta flashi ni tupu, nilikuwa nimeitoa haraka kabla haijamaliza kunakili.

Kwa mnaofanya biashara yote kwa simu, na ni wengi, ingieni kwenye mipangilio ya WhatsApp muweke nakala ya mazungumzo ijihifadhi kila siku. Siku hizi kwenye simu za Android nakala hiyo inahesabiwa ndani ya zile GB 15 za bure za Google, na picha na video zikizijaza, nakala haiendi tena. Unaweza pia kuifunga kwa neno la siri, lakini ukilisahau hata WhatsApp wenyewe hawawezi kukufungulia.

Na nyinyi mabibi harusi, hili ni lenu. Nimeona zaidi ya mara moja: bwana harusi ananunua simu mpya, nzuri, ile ya zamani anapewa mdogo mtu, naye anaifuta siku hiyohiyo apate nafasi ya kuweka katuni zake. Imekwenda na hesabu ya mchezo, na michango ya sherehe, na deni la mpambaji, na ile picha ya karatasi mliyoandikiana mahari. Kabla simu haijabadili mkono, hakikisha vitu hivyo umeviona kwa macho yako kwenye simu mpya.

Wale watoto wa marehemu tulikubaliana hatimaye. Mimi kwa kumbukumbu yangu nilikuwa na kiasi fulani, binti mkubwa alikuwa na kiasi kingine alichomsikia mama yake akikitaja, na tofauti ilikuwa shilingi 45,000. Nililipa hesabu ya binti. Akaniuliza kama nina uhakika, nikamwambia sina, ndiyo maana nalipa.