Kati ya kliniki ya mtoto na kliniki ya wajawazito, nani anampima kijana?

Alfajiri, barabara za Kiseke hujaa wanafunzi wanaowahi shule, na wengi wao hawajatia kitu kinywani. Saa nne, kengele ya mapumziko inapolia, njaa iliyolimbikizwa tangu usiku hukutana na maandazi, mihogo ya kukaanga na soda. Jioni, banda la chipsi huwangojea njiani. Mzazi aliyetoka kutafuta riziki kabla ya jua kuchomoza huamini ameacha pesa ya kutosha, na kweli mtoto hakushinda njaa. Tatizo ni kwamba mazoea hayo hayakomi siku kijana anapomaliza shule.

Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 36 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au kiribatumbo. Mwaka 2015/16 walikuwa asilimia 28. Uzito huo hauji kwa siku moja, wala hauanzi baada ya harusi au uzazi wa kwanza kama inavyodhaniwa mitaani.

Wapo wanaosema kuwa unene wa kijana ni wa kupita, atapungua akikua. Mapitio ya tafiti mbalimbali duniani, yaliyochapishwa mwaka 2016, yanakanusha matumaini hayo: takriban asilimia 80 ya vijana balehe wenye kiribatumbo hubaki nacho wanapokuwa watu wazima. Kinachofuata hujulikana katika kila kliniki: shinikizo la juu la damu na kisukari.

Hata hivyo, kumkemea kijana si tiba. Huko Minnesota, Marekani, watafiti waliwafuatilia vijana kwa miaka kumi kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990. Waliokuwa wakijinyima chakula au kuruka milo ili wapungue ndio walioongezeka uzito zaidi kuliko wenzao. Anayejinyima asubuhi hulipiza jioni, na hulipiza kwa kile kilicho karibu. Kumwita binti “bonge” mbele ya wenzake, basi, ni kumsukuma kwenye njia ile ile inayomnenepesha.

Hapa ndipo pengo la huduma linapoonekana. Mtoto hupimwa uzito kliniki hadi afikishe miaka mitano. Baada ya hapo, kwa kawaida, mizani humsubiri hadi augue au ashike ujauzito. Wahenga walihimiza samaki akunjwe angali mbichi. Huduma za afya humngoja akauke.

Pengo hilo linaweza kuzibwa bila kujenga jengo jipya. Tangu mwaka 2018 wahudumu wa afya wamekuwa wakiwafikia wasichana shuleni kwa chanjo ya kinga dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi. Ziara hiyo hiyo inaweza kubeba mizani na kipimo cha urefu, kwa wasichana na wavulana, kila mmoja akipimwa faraghani. Vipimo vilinganishwe na umri na jinsi, kwa kuwa viwango vya watu wazima humpotosha anayempima kijana. Hilo litawafichua pia wenye uzito pungufu, ambao huketi dawati moja na wenye uzito uliozidi. Swali la kwanza la mhudumu lisiwe “Mbona umenenepa?” bali “Leo umekula nini kabla ya kuja shule?”

Wazazi nao wana sehemu yao, na si lazima iwe ya gharama. Michembe na matobolwa vya Usukumani, uji, dagaa wa ziwani, mchicha na matembele bado vinapatikana Mwanza. Mchango wa wazazi kwa ajili ya uji wa shule hufuta njaa ya saa nne. Maji yakichukua nafasi ya soda, faida huonekana mapema, maana chupa moja ya mililita 350 huweza kubeba gramu 35 za sukari au zaidi, karibu vijiko vidogo tisa.

Kijana wa Kiseke anayepanda mlima leo akiwa na begi la shule atakuwa mzazi baada ya miaka michache. Anastahili kupimwa na kusikilizwa sasa, kabla faili lake halijafunguliwa katika kliniki ya kisukari.