*TAMKO LA TAWI: TAKWIMU ZA UHALIFU ZISHUKE MPAKA KWENYE KATA*



Mwezi huu mikutano ya mitaa katika kata yetu itajadili kupandisha mchango wa ulinzi shirikishi. Tawi linaunga mkono ulinzi. Lakini kabla mama ntilie na mjane hawajaongezewa mchango, tunauliza: mwaka huu mitaa yetu imeibiwa mara ngapi, wapi, saa ngapi, na watuhumiwa wangapi wamefikishwa mahakamani? Hakuna kiongozi wa mtaa anayeweza kujibu kwa namba. Tunachangishana kwa hofu.

Hofu nayo ina gharama. Januari 2015 uvumi wa Panya Road ulienea Dar es Salaam kwa simu. Maduka yalifungwa mapema, na watu walikimbia bila kujua wanamkimbia nani. Mahali pasipo na taarifa, uvumi ndio hutawala. Na uvumi ukishamtaja kijana wa mtu kuwa ni mwizi, wenye hasira hawasubiri ushahidi.

Hatusemi Polisi hawana takwimu. Jeshi la Polisi kwa kushirikiana na Ofisi ya Taifa ya Takwimu limekuwa likitoa taarifa za mwaka za matukio ya uhalifu na usalama barabarani, na zimewekwa mtandaoni. Kwa hilo tunalipongeza. Ila taarifa hizo huhesabu kwa mikoa, na hutoka mwaka ukiwa umeshapita. Ukijua mkoa mzima umeibiwa pikipiki ngapi, bado hujajua kichochoro gani kinahitaji taa.

Wenzetu wamesogea. Afrika Kusini, polisi hutoa takwimu kila robo mwaka, kituo kwa kituo. Huko England na Wales, tangu 2011 mwananchi anafungua ramani mtandaoni na kuona matukio ya kila mwezi karibu na anapoishi.

Namba hizo zina kazi. Wanaharakati wa Khayelitsha na Nyanga, vitongoji maskini vya Cape Town, walikwenda mahakamani wakionyesha kuwa vituo vyenye mauaji mengi ndivyo vyenye askari wachache kwa idadi ya watu. Desemba 2018 Mahakama ya Usawa ikakubali kwamba mgawanyo wa askari uliwabagua watu weusi na maskini. Bila namba, kilio chao kingebaki kilio.

Tunajua hoja za wanaopinga. Wapo wanaosema wahalifu watafaidika. Hapana: hesabu ya miezi iliyopita haimwambii mwizi doria ya kesho itapita wapi. Wapo wanaosema mtaa utachafuliwa jina na vyumba vitakosa wapangaji. Jina linachafuka hata sasa, tena kwa maneno ambayo hakuna wa kuyasahihisha.

Hoja ya faragha ni nzito na tunaikubali. Aliyebakwa au mtoto aliyedhulumiwa asitambulike kwa njia yoyote. Ramani ya Uingereza haionyeshi nyumba. Alama huwekwa sehemu ya jirani tu. Sisi tunaomba idadi kwa kata, bila majina wala nyumba, na makosa ya aina hiyo yajumlishwe katika ngazi ya wilaya.

Tuonyane pia kuhusu kusoma namba. Matukio yaliyoripotiwa Dawati la Jinsia na Watoto yakiongezeka, huenda ukatili umezidi, au huenda akina mama wameanza kuliamini Dawati. Namba moja haitoshi. Tunataka hesabu kamili kama ya daftari la fedha: kesi zilizobaki nyuma, zilizoripotiwa, zilizofika mahakamani, zilizofungwa kwa sababu gani, na zilizobaki. Mstari wa mwisho ulingane na wa kwanza wa kipindi kinachofuata.

Hatuombi hisani. Ibara ya 18 ya Katiba inampa raia haki ya kupewa taarifa za mambo muhimu kwa maisha yake. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inamruhusu kuomba kwa maandishi na kujibiwa ndani ya siku 30.

*Kwa hiyo Tawi linasema:*

1. Wiki hii tunapeleka barua kwa OCD kuomba takwimu za kata yetu kila robo mwaka. Siku 30 tutazihesabu.

2. Takwimu ziwekwe mtandaoni, zibandikwe ofisi ya serikali ya mtaa kwa wenye simu za kitochi, na Polisi Kata azisome mbele ya mkutano wa mtaa.

3. Mchango mpya usipitishwe kabla ya takwimu kusomwa. Mchango wa sasa uendelee kulipwa. Vijana wa doria wasikose posho.

4. Kila aliyeibiwa au kushambuliwa aende kituoni na adai namba ya RB. Tukio lisiloandikwa halihesabiwi, na mtaa usiohesabiwa haupangiwi askari.

5. Ni marufuku kwa mwanachama kusambaza picha ya mtuhumiwa kwenye makundi yetu.

Mwizi hamuulizi mtu kadi ya chama kabla ya kuvunja mlango. Majirani wa vyama vingine nao wapelekewe ujumbe huu.

Imetolewa na:
*Katibu wa Tawi*
Kwa niaba ya Kamati ya Siasa ya Tawi