Mwanza imejaa, shule je?

Sensa ya 2012 ilikuta watu takriban 706,000 Nyamagana na Ilemela, wilaya mbili zinazounda Mwanza mjini. Ile ya 2022 ikakuta zaidi ya milioni 1.1. Katikati hapo, Januari 2016, ada ilifutwa hadi kidato cha nne, na wazazi wakaitikia.

Simama kituoni Buhongwa alfajiri. Watoto wa sare wanaipungia daladala mkono, nayo inawapita. Nauli yao ndogo, konda hawataki. Wengi wasingehitaji gari kama shule ingekuwa mtaani kwao. Lakini pembezoni viwanja huuzwa kwanza, shule hukumbukwa mwisho, tena juu ya mawe.

Halmashauri zote mbili zitenge maeneo ya shule kabla kiwanja kingine hakijauzwa.